Kabati Lisilopanda Ngazi

Tulikwenda Daraja Kavu kutafuta mkono wa mlango.
Mmoja tu. Wa shaba, wenye shingo ya bata,
ufanane na ule tulioukuta nyumbani,
maana tulinunua ghorofa ya tatu, mtaa wa Sololaki,
yenye milango mitano na mkono mmoja,
tukawa tunauhamisha, mlango hadi mlango,
kama sindano ya kuazima.

Jumamosi, Tbilisi, baridi ya kung'ata masikio.
Wauzaji wametandika mablanketi chini:
samovari zilizobonyea, saa zisizokubaliana,
vijiko vya harusi za watu waliokwisha kuachana,
nishani za jeshi la nchi ambayo haipo tena.
Mama Tsiala, aliyefundisha fizikia miaka thelathini,
huuza matone ya kioo ya taa za dari,
moja moja, kama mtu agawaye dawa.
"Taa yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.
"Taa tuliila mwaka tisini na tatu," akasema.
"Ilitosha wiki mbili. Haya ni makombo."

Mkono wa mlango hatukuupata.
Tukapata kabati.

La mti wa jozi, milango miwili imenakishiwa zabibu,
na aliyezichonga alichoka alipofika kulia:
kichala cha mwisho kina punje nne tu,
jani lake halina mishipa.
Hapo ndipo nilipolipenda.
Vazha akaligonga mgongo kama daktari,
akachungulia matundu ya bungua,
akanusa droo: "Nondo, tumbaku, tofaa,"
naye si mtu wa kununua kwa pua.
Zurabi akataja bei. Tukacheka. Akacheka na yeye.
Tukaondoka hatua saba.
Ya nane akatuita.

Waliosema kizuri chajiuza
hawakusema kitajipandishaje ngazi.

Ngazi yetu ni ya chuma, imejiviringa kama kizibuo cha mvinyo.
Kabati likaingia nusu, likakwama,
Vazha chini, mimi juu, Zurabi katikati
akimlaani fundi aliyekufa kabla ya babu zetu kuzaliwa.
Tukapima kwa kamba tulichopaswa kupima kwanza.
Majirani wakajaa kwenye roshani za mbao,
kila roshani na ushauri wake:
livueni milango! likateni miguu! ng'oeni dirisha!
Bibi Lamara wa ghorofa ya pili akasema,
"Uzeni nyumba."

Tukaliacha uani, chini ya mzabibu,
tukalifunika turubai. Usiku mmoja tu.

Usiku ule una miezi kumi na minne sasa.

Rafu ya juu imekaliwa na mitungi ya achari ya Lamara.
Droo ya kushoto tarishi huacha bili za umeme.
Mtoto wa Nugzari hujificha humo akikimbia somo la kinanda,
na paka, ambaye hakumwomba mtu ruhusa,
amezalia pale pa kuweka shuka.
Mvua ikianza usiku kuna mtu hushuka kuvuta turubai;
sijawahi kujua ni nani.
Vanishi imepasuka kama midomo ya mgonjwa.
Milango imevimba, haifungiki mpaka uiteke kwa goti.
Jioni Vazha huegemea roshani, hulitazama
kama mtu aliyemwoza binti nyumba ya pili.

Na huku juu? Kitanda, meza ya mbao za kreti,
nguo zetu kwenye misumari,
na tone moja la kioo, alilonipa Mama Tsiala bure
niliporudi kumsimulia mkasa.
Nimelifunga kwa uzi dirishani.
Saa nne asubuhi jua hulifikia, likamwaga rangi
juu ya ukuta ule tuliouchora kwa penseli:
kimo mita mbili na robo, upana moja na nusu.
Kwa dakika kama sita hivi
rangi hukaa ndani ya mistari.

Mkono wa mlango bado tunautafuta.
Huu wetu mmoja, asubuhi hii, uko jikoni,
nami niko bafuni,
namwita Vazha.